Meno ya Kontere

Kwenye benchi la mbele ya gereji ya Huseni, pale Buyenzi, mtaa mmoja wa mji wa kando ya ziwa, kahawa ilinywewa mara tu baada ya sala ya alasiri, maana vita vilikuwa vimewazoesha watu kurudi nyumbani mapema. Siku hiyo ya mwaka 1998 walibishania Pijo 404 ya Marguerite, mama mshonaji aliyeitumia kupeleka nguo sokoni, naye alisimama pembeni akingoja. Mshale wa kontere, ile saa ya kupimia mwendo na kuhesabu kilomita, ulitetemeka, ukaruka, kisha ukalala kabisa.

Massoudi, dereva wa lori, alishikilia kwamba kebo imekauka grisi. Yahaya, waliyemwita Avoka, yaani wakili, kwa kupenda kubisha, alisema ni unyevu wa ziwa umeingia ndani ya saa. Massoudi alipomcheka, Avoka akapandisha zaidi: gari inayosimamishwa kwenye kila kizuizi cha askari, hata mshale wake hujifunza kutetemeka.

Huseni aliwaacha. Alichomoa kebo kwenye giaboksi, akaizungusha kwa vidole, na mshale ukainuka. Basi saa ilikuwa nzima, kebo nzima. Akatoa kigurudumu kidogo cha plastiki kinachoizungusha kebo. Meno yake yalikuwa yameliwa.

— Ni hii tu, mama, alisema kwa furaha. Inashika, inaachia. Ikiachia, gari inatembea lakini kontere haihesabu.

Marguerite akakaa. Akawaeleza kwamba miaka miwili nyuma mumewe, Melchior, aliaga anakwenda Rumonge na gari hii kununua mawese, asirudi tena. Jana yake kontere ilikuwa imerudi kwenye masifuri, wakacheka wote wawili getini. Gari ilikutwa Kanyosha, hapo tu mwanzoni mwa barabara ya Rumonge, tupu, na kontere ilionyesha kilomita za kufika Kanyosha tu. Kwa hiyo alimtafuta Kanyosha, nyumba kwa nyumba.

— Huseni, haya meno yalianza kuliwa lini? Kabla ya siku ile, ao nyuma yake?

Furaha ikamtoka Huseni. Alitamani kumpa jibu lolote la kumtuliza, lakini kile kigurudumu hakikumwambia kitu.

— Mi siwezi kujua, mama.

Akamwekea kile kigurudumu kiganjani.

— Basi pengine alifika Rumonge, alisema Marguerite. Na mi sijauliza mutu hata mumoja kule.

Barabara ya Rumonge siku hizo ilipitika kwa msafara wa askari tu. Massoudi akasafisha koo, akasema kesho anaingia na lori lake katika msafara, na sokoni kule ana shemeji anayejua watu.

— Tutapanda wote. Tutauliza.

Marguerite akaanza kuwaeleza Melchior alivyokuwa: urefu wake, shati alilovaa, jinsi alivyoburuta mguu mmoja. Avoka alirudia kila neno kwa sauti ya chini, asije akasahau.