Wilfrido Cardoso Antúnez, Mpiga Tuba wa Santa María Tepuxte (2007–2024)

Wilfrido alizaliwa tarehe 3 Machi 2007 hapa Santa María Tepuxte, mtoto wa pili wa Don Crescencio Cardoso, kiongozi wa bendi ya mji, na Doña Otilia Antúnez. Alizaliwa mrefu na hakuacha kurefuka.

Alimaliza sekondari Juni mwaka huu. Noti za muziki alizijua kabla ya herufi, kama watoto wote wa hapa. Akiwa na miaka minane baba yake alimvisha begani tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi, ikammeza hadi masikioni. Wenzake walimwita Mlingoti.

“Mlingoti, huko juu mvua imeanza?”

“Imeanza. Nyinyi wafupi mtaipata kesho.”

Hakuoa. Yupo binti mmoja mpiga klarineti ambaye hatatajwa, kwa kuwa mama wa binti amekaa hapa safu ya pili.

Januari mwaka huu, katikati ya mazoezi, kichomi kilimshika ghafla upande wa kulia, pumzi ikakatika. Don Crescencio alimwambia, “Acha visingizio. Puliza.” Alipuliza siku mbili zaidi kabla ya kupelekwa hospitali mjini Oaxaca. Daktari alieleza kwamba vijana warefu wembamba wakati mwingine huota vilengelenge juu ya mapafu. Kimoja kikipasuka, hewa huvujia kifuani na pafu husinyaa. Alitiwa mrija ubavuni, ncha yake ndani ya chupa ya maji, hewa ikatoka kwa mapovu. Wilfrido aliyasikiliza mapovu usiku kucha, asubuhi akamwambia muuguzi, “Sista, chupa yenu haijui kushika mdundo.”

Mei pafu lilisinyaa tena. Safari hii daktari alisema mrija hautoshi: vilengelenge vikatwe, na utando wa ndani ya kifua ukwaruzwe ili pafu ligande lisisinyae tena. Hadi hapo asipulize chochote. Upasuaji ulipangwa tarehe 12 Agosti.

Sikukuu ya mji ni tarehe 15, na mpiga tuba alikuwa mmoja tu.

“Siku tatu tu, mwanangu,” Don Crescencio alisema mbele ya bendi nzima. “Wageni tutawaambia nini?”

“Daktari kanikataza, baba.”

“Kwani huyo daktari anapiga chombo gani?”

Watu walicheka. Shangazi yake Eufrasia, anayesoma maelezo haya, alicheka pia. Don Crescencio akasaini fomu ya kuahirisha upasuaji.

Tarehe 15, saa kumi jioni, katika wimbo wa pili, Wilfrido alishika ubavu. “Baba, ni lile tena.”

“Maliza wimbo.”

Aliumaliza. Oaxaca ni mwendo wa saa nne; alifariki katika saa ya tatu ya safari, kichwa mapajani mwa mama yake, hewa iliyovuja ikiwa imeubana hadi moyo.

Shangazi yake alikuwa ameyaondoa hayo yote alipoandika karatasi hii. Don Crescencio aliisoma karatasi, akairudisha. “Yaweke. Na uandike nani alisaini.”

Ameacha mama yake, Doña Otilia. Dada yake, Zenaida. Bibi yake, Doña Hermila. Bendi ya watu thelathini na wanane. Na baba yake, Don Crescencio Cardoso, aliyesaini.

Bendi itapiga leo, kama inavyompigia kila marehemu wa mji huu. Tuba imelazwa kitini pake. Pumzika, Wilfrido. Hakuna atakayekuambia tena upulize.