Kikombe Pacha cha Bi Kidawa

Bi Kidawa binti Mfaume anastaafu mwishoni mwa mwezi huu wa Shaabani, mwaka 1912 kwa hesabu ya Kizungu, baada ya kuitumikia nyumba ya siki ya Bwana Awadh bin Ameir hapa Chole, Mafia, kwa miaka kumi na tisa. Bwana Awadh ameniomba mimi, Mbaraka fundi mapipa, niandike habari zake zisomwe mbele ya wageni. Ameniambia niandike kwa adabu na nisitie chumvi. Adabu nitajitahidi. Ama chumvi, wanaomjua Bi Kidawa wanajua kwamba haihitaji kuongezwa.

Alikuja kwetu kutoka Ndagoni, mjane kijana, kazi yake kuosha mitungi. Hata wiki haijaisha alikuwa keshamwambia msimamizi kwamba mitungi yetu inanuka na sisi pua zetu zimezoea. Msimamizi alifoka, akanuna, kisha mitungi ikaoshwa kama alivyotaka Bi Kidawa. Tangu siku hiyo ndivyo mambo yalivyokwenda katika nyumba hii.

Kwa mgeni asiyejua kazi yetu: sisi tunauza siki nyekundu. Wagema huleta tembo la mnazi, likaachwa mtungini likachachuka hata ulevi ukaisha wote, likatiwa gome la mkoko, ikatoka siki yenye rangi. Kila kijiji kina siki yake. Ya Ndagoni inapanda puani. Ya Kilindoni ni pole, ina utamu kwa mbali. Ya Baleni inaacha uchungu kooni, na ya Jibondo ina harufu ya bahari. Mnunuzi wetu wa Unguja huchukua siki ya kijiji kimoja tu kila msimu, kwa sababu wapika achari wake wanataka ladha moja toka pipa la kwanza hadi la mwisho. Kijiji kikichaguliwa, wagema wake wanatembea kifua mbele mwaka mzima. Kisipochaguliwa, siki yao wanabaki nayo, wakaangie samaki wao.

Sasa zamani uchaguzi wenyewe ulikuwaje? Ulikuwa aibu. Wazee wanakaa jamvini, mtungi unaletwa, mtu anamnong'oneza mwenzake kwamba huu wa mkwe wa fulani, basi wote wanatikisa vichwa na kusema mashallah hata kabla ya kumeza. Bi Kidawa alikuwa amesimama mlangoni na kata yake ya maji. Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba wazee hawa hawaonji siki, wanaonja majina. Lo! Tulidhani atafukuzwa siku ile ile. Bwana Awadh akamuuliza yeye angefanyaje. Akajibu kwamba angewafunga macho.

Wakafungwa macho kweli, kwa vitambaa vya kaniki, maana rangi ya siki nayo inasema kijiji. Vikombe vikawa vya namna moja, na chini ya kila kimoja alama ya mkaa ambayo haitazamwi mpaka kila mtu ametoa kauli yake. Mambo safi kabisa. Tatizo ni kwamba wazee wale walikuwa wageni wetu, na mgeni hapa hakaribishwi mikono mitupu. Sinia la tambuu lilikuwa limekwisha pita mara mbili kabla ya siki kuletwa. Popoo, chokaa, tumbaku, kila mtu kajaza shavu. Unategemea nini? Wote walitangaza kwamba siki zote ni sawa, na Mzee Shaibu, tena kwa kiapo, akakisifu kuliko vyote kikombe cha maji ya kusukutulia. Mnunuzi wa Unguja alicheka hadi akashika nguzo. Msimu ule hakununua hata pipa moja la Mafia.

Bi Kidawa hakucheka. Msimu uliofuata alitangaza kwamba atakayeonja asitie tambuu kinywani tangu jana yake alfajiri. Jamani, mimi ni mtu wa tambuu, nami nilikuwa nimeteuliwa kuonja, basi najua mateso hayo yalivyo. Lakini mateso si kitu mbele ya fedheha. Kumwita mzee nyumbani kwako na usimpe tambuu! Bi Hafidha, mke wa Bwana Awadh, alisema nyumba yake haijapata kutukanwa namna ile, na watu watasema tumefilisika. Bi Kidawa alimsikiliza kwa heshima zote, akampa pole, na hakubadilisha neno. Yeye mwenyewe, ambaye sasa naye alikuwa mwonjaji, aliacha kabisa, si kwa siku moja, bali kwa muda wote atakaokuwa kazini, na hakuna mwanamke aliyependa tambuu kumshinda. Kijaluba chake cha shaba cha kutilia tambuu, alichopewa siku ya harusi yake, alimpa ndugu yake Shamte wa Ndagoni amtunzie.

Kisha akaleta pacha. Vijiji ni vinne lakini vikombe alivipanga vitano, kwa kuwa kijiji kimoja, hujui kipi, kimemiminwa mara mbili. Ukikiita kikombe kimoja bora na pacha wake ukamtupa nyuma, basi ulimi wako unabahatisha. Kauli yako inafutwa na wewe unatoka jamvini, hurudi tena. Mzee Shaibu alitoka mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne alitoka Bwana Awadh mwenyewe, mwenye nyumba, mwenye mapipa, mwenye jamvi! Alifungua kitambaa, akakiangalia kikombe pacha kama mtu aliyemkuta mwizi, akainuka. Nafikiri heshima ya nyumba hii ilizaliwa siku hiyo, ingawa yeye alikwenda nyumbani bila kuaga.

Tusisahau ile habari ya Mzungu wa meli, ambaye alitamba kwamba kwao kuna divai nyekundu za kila wilaya, na kwamba wao wanazishindanisha kwa vitambaa machoni vilevile. Bi Kidawa alimjibu kwamba divai haipiti katika mlango wake, ila ikishajigeuza siki yenyewe, ailete, itapokewa kama siki nyingine. Yule bwana aliporudi msimu wa pili alikuwa na chupa iliyochacha vizuri. Tukamtengea kikombe cha ziada. Ilishika nafasi ya nne, ikaishinda Baleni. Watu wa Baleni hadi leo hawataki tuikumbushe, na mimi naikumbusha.

Lakini kazi hii haikuwa vicheko tu. Mwaka 1899 vikombe vilipogeuzwa, kilichoshinda kilikuwa cha Jibondo. Jibondo, watu wanaoletewa maji kwa mashua! Minazi yao ni michache hata unaweza kuipa majina mmoja mmoja. Ndagoni walikuwa wamekwisha andaa ngoma. Na kauli iliyoamua ilikuwa ya Bi Kidawa, binti wa Ndagoni. Shamte, ambaye ni mgema na siki ya Ndagoni nyingi inatoka mikononi mwake, alisimama palepale akamwambia dada yake kwamba amewauza, na kwamba kama siki ya Jibondo ni tamu hivyo, akazeekee huko. Tokea hapo walikutana mazikoni na harusini tu, salamu ya mdomoni basi. Ilimuuma. Nilimkuta mara moja nyuma ya mapipa anafuta macho, akaniambia ni ukali wa siki, nami nikakubali kuwa ni ukali wa siki. Nilimshauri msimu ufuatao ajitoe, awaachie wengine waamue habari za Ndagoni. Alinitazama vibaya sana. Alisema akitoka kwa ajili ya ndugu yake, basi lile jamvi litakuwa limerudi kwenye majina.

Hakutoka. Miaka mingine Ndagoni walishinda, miaka mingine walishindwa, na Shamte hakusema naye.

Sasa niseme la Rajabu iliyopita, maana wengi hapa mlikuwepo na wengine mmesimuliwa vibaya. Waonjaji wengine walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, Ndagoni na Kilindoni. Ikabaki kauli ya Bi Kidawa. Alionja, akakipa kikombe kimoja nafasi ya kwanza na kingine nafasi ya mwisho. Mize, mmiminaji wetu, akavigeuza. Vyote viwili vilikuwa na alama ya Ndagoni. Vilikuwa pacha.

 Bwana Awadh alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa wema: Bi Kidawa ana mafua, ihesabiwe ile nafasi ya kwanza, Ndagoni wachukue msimu, yaishe. Hakuna aliyepinga, hata watu wa Kilindoni. Miaka yote hii, nani angemnyima? Yeye hakuwa na mafua. Alifungua kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya jamvi, akasema, “Ulimi wangu umechoka. Nimetoka.” Kauli yake ikafutwa. Zikapigwa kura upya bila yeye, na Kilindoni wakashinda. Mara ya pili katika maisha yake Bi Kidawa aliinyima Ndagoni ushindi mbele ya ndugu yake, na safari hii ushindi wenyewe alikuwa nao mkononi. Shamte aliinuka, akapita katikati ya watu, akatoka. Sote tulijua maana yake, au tulijidai kujua. Mimi nilikasirika, na nilikuwa nimeandika hapa maneno makali juu yake.

Nimeyakata. Leo asubuhi, karatasi hii ikiwa tayari, Shamte amepiga hodi ghalani. Mkononi ana kijaluba cha shaba, kimesuguliwa kwa ndimu na majivu hadi kinang'aa. Ndani mna majani mabichi, popoo zilizokatwa na chokaa laini. Amesema miaka yote alidhani dada yake anawachukia watu wa kwao, mpaka Rajabu alipomwona akijitoa mwenyewe kama alivyowatoa wengine. Amesema chumba cha dada yake huko Ndagoni kimekwisha ezekwa na ngarawa inamsubiri. Bi Kidawa amelia waziwazi, wala hakuisingizia siki. Kisha akafunga kijaluba bila kugusa hata jani, akasema yeye bado yuko kazini mpaka shughuli iishe. Ndiye huyo, hatabadilika.

Bi Kidawa, tunakushukuru. Wagema wa vijiji vinne wanalala wakijua kwamba wakishindwa, wameshindwa na siki, si na ukoo wa mtu. Mize ataendelea na pacha, na ole wake atakayeleta tambuu ghalani siku ya kuonja. Nenda salama Ndagoni, ukae na ndugu yako, Mungu akupe afya na umri. Mfungo unakaribia, basi usichelewe. Karatasi hii ikifika mwisho, kazi yako nayo imefika mwisho, na sinia la tambuu la Bi Hafidha linaingia kwa mlango uleule ulioufunga wewe.

Fungua kijaluba, Bi Kidawa. Tafuna. Leo hakuna kinachoonjwa.