Baba Mkubwa wa Kukodi na Kofia ya Mhubiri

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe hata na wale wa kule nyuma mnaotafuna njugu.

Mimi ni Mama Kioko, fundi wa nguo hapa mjini Machakos. Wengi wenu leo mmevaa kazi ya mikono yangu. Nimesimama kuwaeleza vile Mungu alinivua uongo niliouvaa miaka arobaini, na haukuwahi kunikaa vizuri hata siku moja.

Ndugu zangu, nilikuwa nikiulizwa watu wetu wako wapi, ninasema walikwisha. Walikwisha! Na wao wako Mwala, wazima, wanachunga mbuzi. Nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikosana na ndugu yake mkubwa, Mzee Nzioka. Tukaacha shamba, tukahamia Kathiani, na jina la Nzioka likawa halitajwi nyumbani. Baba akafa hivyo hivyo.

Basi mwaka huu kijana wangu Kioko akapata msichana wa Kalama, Mumbua. Kioko nimemlea peke yangu, kwa hivyo wazee wa kupeleka mbuzi wa mahari kwa kina Mumbua walifaa kutoka kwetu. Na kwetu nilishasema walikwisha! Shetani akaninong'oneza, "Kodi mtu." Nikamwendea Wafula, bawabu wa duka la jirani, mtu wa kitambi na kipara cha heshima. Nikamwahidi nyama, akakubali kuwa baba yangu mkubwa. Shida ilikuwa moja tu. Wafula ni mtu wa Bungoma, na Kikamba hajui.

"Wewe sema 'ĩĩ' tu," nikamwambia. "Ni ndiyo. Kaza uso, hakuna atakayejua."

Kioko aliniomba, "Mama, tuseme ukweli tu." Nikamnyamazisha.

Tukafika Kalama na mbuzi watatu. Babake Mumbua akamuuliza Wafula kwa Kikamba kama tulilala salama. "Ĩĩ," Wafula akajibu kwa sauti nzito. Kama mvua imenyesha kwetu. "Ĩĩ." Nikaanza kupumua. Kisha mzee akatania, akauliza kama hawa mbuzi ni wa wizi. "Ĩĩ." Watu wakacheka kidogo. Akauliza kama tunadhani binti yake ameokotwa njiani. Wafula akakaza uso kabisa. "Ĩĩ!"

Babake Mumbua akasimama. "Mama Kioko, huyu ni nani?"

Kabla sijajibu, Wafula akasema kwa Kiswahili, "Mimi ni baba mkubwa." Akafikiri kidogo. "Wa leo tu."

"Chukueni mbuzi wenu mwende!"

Mumbua akaanza kulia. Kioko akaniangalia. Ndugu zangu, hapo nikaanguka chini, nikatapika ukweli wote!

Nikawaambia tulikuwa na punda Mwala, jina lake Spika, kwa sababu akilia, kila mtu hunyamaza. Ndiye aliyetubebea maji kutoka bwawa la mchanga kule mtoni. Siku mhubiri mgeni alipokuja kutuombea shamba, nilimfungua Spika, nikaichukua kamba yake kwenda kuiruka. Spika akaingia uani akala kofia ya mhubiri, yote! Baba akasema Nzioka hakumfunga punda. Nzioka akasema ni baba. Wakatoka kwa kofia wakaingia kwa mpaka wa shamba, na kufika jioni hawakuwa ndugu tena. Na mimi nilikuwa nyuma ya ghala, kamba mkononi, kimya.

Nyanya yake Mumbua, ambaye nilidhani amesinzia, akapiga makofi kwa kicheko. "Spika! Punda wa kina Nzioka! Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto huo. Mhubiri alihubiri amejifunga taulo kichwani!" Akamgeukia mwanawe. "Hatuna ukoo mmoja nao, usiogope, watoto wanaweza kuoana; tulikuwa majirani tu. Nzioka yuko hai. Mama Kioko, nenda umlete. Mbuzi watangoja hapa."

Kesho yake tukaenda Mwala, mimi na Kioko. Tulimkuta Mzee Nzioka akiambua mbaazi. Nikapiga magoti. "Baba, ni mimi nilifungua punda."

Aliendelea kuambua. "Ninajua. Niliona kamba mkononi mwako."

"Na hukusema?"

"Baba yako alikuwa na hasira, na fimbo ilikuwa karibu. Nikasema akipoa nitamwambia. Kabla hajapoa, mimi nikakasirika."

Kisha akatupeleka shambani. Sehemu ya baba ilikuwa imelimwa safi, mpaka wake haujasogezwa hata hatua moja. "Ya ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa ninailima isiwe kichaka. Nilijua atarudi." Nililia mpaka Kioko akaniletea kiti.

Wiki iliyofuata Mzee Nzioka alifika Kalama na wajukuu kumi na mmoja, wote wananiita shangazi. Wafula naye nilimwalika, kwa sababu ahadi ni ahadi. Siku hiyo hakufungua mdomo ila kwa nyama.

Ninamshukuru Mungu aliyenitoa nyuma ya lile ghala! Ndugu yangu, kama kuna mtu wa kwenu unayemzika kwa mdomo na bado anapumua, mtumaini Bwana, amka uende kwake wiki hii. Usingoje aanze yeye, kwa maana yeye pia anakungoja wewe. Baba yangu nilimchelewea. Mzee Nzioka, Mungu amenipa nimwahi.