Likizo ya Kwanza ya Mkunga wa Mashine

Mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Mkuu wa idara. Na nyote mliobanana nasi humu ndani kwenye viti vya kuazima:

Sisi wafanyakazi tisa wa Kitengo cha Takwimu za Dawa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa joto. Madirisha ya chumba hiki hayafunguki tangu yalipopakwa rangi. Tumefurahi kukuona. Mwenzetu wa kumi hayupo, na kutokuwepo kwake ndiyo furaha yenyewe tuliyokuitia.

TULIKOTOKA

Kazi yetu, kwa wasioijua, ni kupokea kila asubuhi hesabu za dawa kutoka hospitali zote, kuzichakata, na kuyaambia malori yapeleke nini wapi kabla ya saa mbili. Hesabu hizo ni nyingi mno kwa kompyuta moja. Huchakatwa na kundi la seva ishirini, yaani kompyuta kubwa tunazozikodi kwa mtandao, ziko mbali huko, mahali ambapo mafundi wamepabatiza jina la wingu. Jioni tunazirudisha, asubuhi tunaanza upya. Na kuzianzisha, Mgeni rasmi, ilikuwa kazi ya mtu mmoja: kuziita moja moja, kuzipa majina, kuzifungulia njia, kuzitambulisha zenyewe kwa zenyewe. Hatua arobaini na tatu, zote kwa mkono. Ukikosea tarakimu moja, unarudi mwanzo.

Mtu huyo ni dada yetu mkubwa hapa kazini. Tunamwita Mkunga, maana kila alfajiri alikuwa anazalisha mashine ishirini. Kwa miaka saba hakuchukua likizo hata siku moja. Alizianzisha akiwa na homa. Alizianzisha siku ya harusi ya mdogo wake, amejifungia stoo na kompyuta mapajani, bibi harusi anagonga mlango, "Dada, picha!" na yeye anajibu, "Subirini, nipo hatua ya thelathini na nane!" Hayupo kwenye picha hata moja.

MAFANIKIO

Mwaka huu mama yake mzazi alipangiwa upasuaji wa jicho, safari ya siku mbili kutoka hapa. Mkunga hakulalamika. Alisema tu, "Majirani watakuwa naye." Tuliona aibu jamani. Wawili kati yetu, waandishi wa programu, wakaketi naye wiki tatu wakinakili kila anachofanya, ili seva ziweze kujiandaa zenyewe bila mtu.

Jaribio la kwanza likagoma. La pili likagoma. Kila tukifika hatua ya kumi na saba, seva zinakataa kutambuana. Tulikuna vichwa siku nne. Mwishowe Mkunga akaitazama skrini, akashika kiuno: "Jamani, mnakimbilia wapi? Hapo mimi huwa nakwenda kuchemsha chai!"

Kumbe! Hakuwahi kutuambia kwa kuwa hakuihesabu kuwa kazi. Seva zilihitaji dakika kumi za kuamka sawasawa, naye miaka yote alikuwa akizipa bila kujua. Tukaiandikia programu isubiri dakika kumi. Kesho yake sote tulisimama nyuma ya kiti chake, yeye ameikalia mikono yake asije akagusa kitu, tukaziona zinainuka zenyewe: moja, tano, ishirini. Mkunga alilia. Na sisi tulilia, hatuoni haya kulisema. Leo ni siku ya kumi na mbili na hakuna lori lililochelewa.

KILICHOTUKOSESHA RAHA

Wiki hiyo hiyo ikaja barua kutoka ofisini kwako, ikiuliza kama nafasi ya Mkunga bado inahitajika. Tunasema kwa heshima zote: ilituchoma. Tulijibu kwa kurasa sita, kwamba programu inazijua hatua, lakini anayejua kwa nini kila hatua ipo ni yeye. Mwenyewe alikusanya kikombe chake, kandambili zake za chini ya meza na picha ya watoto, akaenda kumuuguza mama yake akiamini hana pa kurudi.

Jana saa nne asubuhi ikaja barua yako ya pili. Mkunga anabaki, tena anakuwa msimamizi wa mashine zote na mwalimu wa vitengo vingine. Kama ulisikia kelele hadi ofisini kwako, zilikuwa zetu. Asante. Asante sana. Tumepumua.

OMBI

Tulikuwa na maombi manane. Tumefuta saba.

Mkunga hajui. Kabla hajaondoka tulimwapisha asipokee simu ya kazini, na kwa jinsi tunavyomjua, tukaichukua simu yake tukazifungia namba zetu zote tisa, ya mapokezi, na ya mkuu wa idara. Tangu jana tunapiga, haiingii; na tukiazima simu za watu, namba asiyoijua hapokei. Amekaa karibu na mama yake mwenye bandeji jichoni, anajiona hana kazi, na waliomfungia habari njema ni sisi.

Namba ya hapa ambayo hatukuifungia ni moja tu, ya kwako, kwa sababu hatukudhani kama ungewahi kumpigia.

Namba yake tumeiandika chini ya karatasi hii. Hotuba yako tutaisubiri, Mgeni rasmi. Tunaomba uanze na simu.

Mungu akujalie afya, na akupe maneno mazuri ya kumwanzia.

Ni sisi,
Wafanyakazi tisa wa Kitengo cha Takwimu za Dawa, kwa niaba ya wa kumi.