Veneranda Shilinde, Muuguzi wa Askari Waliomwaga Uji

Baba Padri, masista, wazee wa Ipuli, nanyi wa Gongoni mliofuatana na Bi Mwanahawa, tunayemzika leo ni Veneranda Shilinde, mke wa Mwalimu Wenceslaus Lugembe, ambaye ameandika historia hii kwa mkono wake na kwa ruhusa ya ukoo anaisoma mwenyewe.

Marehemu alizaliwa hapa Ipuli tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa pili wa Mzee Shilinde, mkulima wa karanga na mihogo, na Mama Katarina, na babu yake upande wa baba alikuwa mpagazi aliyebeba pembe hadi Bagamoyo mara nne na kurudi mara nne, jambo ambalo marehemu alilitaja kila aliposikia mtu akisema watu wa kwao ni waoga. Alibatizwa mwaka huohuo, akaingia shule ya masista Januari 1930, akamaliza Desemba 1936, kisha akajifunza uuguzi kwa miaka mitatu, na waliomfundisha waliandika kwamba ni hodari ila ana ulimi.

Aprili 1940 alianza kazi katika zahanati mjini, na tarehe 2 Agosti 1943 alihamishiwa kambi ya wagonjwa wa jeshi, magharibi ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, ambako waliletwa askari waliorudi kutoka vita vya Uhabeshi bila jeraha la kuonekana. Watu hao hawakulala, radi ikipiga waliingia chini ya vitanda, wengine walikojoa kitandani, wanaume wazima wenye watoto, wakaona aibu kutazamana kulipokucha, na mmoja wao alikuwa Damas, mdogo wake marehemu, aliyekwenda vitani mwaka 1941 akiwa na miaka kumi na minane, mchekeshaji wa Ipuli nzima, akarudi hawezi kumaliza sentensi.

Wakubwa wa kambi hawakuuita huo ugonjwa, waliuita utegaji. Februari 1944 batalioni ilitakiwa ijazwe watu ipelekwe Asia, basi daktari wa kambi, kapteni mmoja ambaye jina lake halistahili kusomwa karibu na jeneza hili, aliwapima askari arobaini na watatu kwa asubuhi moja, kwa namna ambayo hata leo inachefua kuieleza: sajini alisimama nyuma ya mgonjwa, akaangusha debe tupu sakafuni, aliyeruka akahesabiwa anaigiza, asiyeruka akahesabiwa mzima, na kwa kipimo hicho hapakuwa na njia yoyote ya mtu kuwa mgonjwa.

Marehemu alikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi alimpa kila askari birika la uji ajimiminie kikombe chake mwenyewe, akatazama, akaandika katika daftari nani amemimina na nani amemwaga, na katika wiki tatu askari kumi na tisa hawakuweza kumimina hata mara moja, Damas akiwa miongoni mwao. Alimpelekea kapteni daftari hilo, akamwambia mbele ya karani, "Bwana, mkono usioweza kushika kikombe cha uji utashikaje bomu?" Kapteni alicheka, akasema jeshi haliendi Burma kunywa uji, akamwagiza karani apige taipu orodha ya watu arobaini na watatu, wote wazima, na maelezo ya muuguzi yaachwe nje. Karani aliyaacha. Karani huyo, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyejua Kiingereza kuliko wenzake na kujisikia sana kwa hilo, alikuwa Wenceslaus Lugembe.

Tarehe 9 Mei 1944, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shabaha, Damas alipewa bomu la mkono, akavuta pini, akasimama nalo kama mtu aliyesahau alichotumwa, bomu likamponyoka, likamwangukia miguuni, akafa yeye na askari mwenzake, Abasi Mabruki, fundi cherehani wa Gongoni, aliyesimama jirani yake kwenye mstari. Batalioni iliyokuwa na haraka ya kuongeza watu ilipoteza wawili kabla haijapanda treni, na kati ya wale kumi na wanane waliobaki wa daftari la uji, kumi na mmoja walirudishwa nchini kabla ya mwaka kwisha, hawafai kwa lolote, jambo ambalo uji wa asubuhi ulikuwa umekwisha kulisema.

Uchunguzi ulichukua siku moja. Bi Mwanahawa, mama yake Abasi, alipewa karatasi yenye mhuri ikisema kwamba mwanawe aliuawa na uoga wa askari mwenye mwili na akili timamu, na marehemu alipotakiwa kutia sahihi kwamba ndivyo, alikataa, akaachishwa kazi tarehe 20 Mei. Alikwenda Gongoni na daftari lake. Bi Mwanahawa aliitikia shikamoo yake, akamkaribisha jamvini, akaomba asomewe kurasa zile zote, kisha akamwambia, "Mwanangu, karatasi yao ina mhuri, daftari lako lina madoa ya uji. Nishike lipi?" Kila mwaka ilipofika tarehe 9 Mei marehemu alirudi, akapewa kahawa, na hakuaminiwa.

Wenceslaus alikwenda Makerere Januari 1946, akarudi na stashahada ya ualimu Desemba 1948, na Februari 1949, kabla hajapeleka posa, alimweleza marehemu nani alipiga taipu orodha ile. Wiki saba baadaye marehemu alimwita na kumwambia, "Kosa lako nimelisikia mimi. Sasa ulipeleke Gongoni." Aliahidi kulipeleka, wakafunga ndoa tarehe 1 Oktoba 1949, Mungu akawajalia Apolinaria mwaka 1950, Damas mwaka 1953 na Getruda mwaka 1955, na ahadi ile haikutimizwa. Aliandika barua kumi na nne kwa wakubwa wa jeshi kwa jina la mkewe, Kiingereza safi kisicho na kosa, na hata moja haikumtaja karani, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa serikali na alitaka kuwa mwalimu mkuu, cheo alichokipata mwaka 1954. Jibu lilikuja moja tu, Juni 1955, likisema kumbukumbu za kambi hazionekani. Marehemu aliikunja barua, akasema, "Kumbukumbu zinakula ugali na mimi kila siku."

Oktoba 1956 aligundua uvimbe kwenye titi, akapasuliwa Januari 1957, akarudishwa hospitali tarehe 11 Julai, na akafariki tarehe 3 Agosti 1957, saa nane mchana. Katika wiki zile za mwisho hakulitaja jambo hili tena, na mumewe, kwa aibu ambayo sasa haina wa kuipokea, alifurahia kwamba hakulitaja.

Kwa hiyo isikike leo. Damas Shilinde alikuwa mgonjwa, kapteni alijua, karani alijua, na karatasi yenye mhuri ilisimama juu ya orodha ya uongo iliyopigwa taipu na mume wa marehemu. Maneno haya yako katika nakala mbili zenye sahihi yake, moja atakabidhiwa Bi Mwanahawa hapahapa, ambaye hadaiwi msamaha wowote, na ya pili itafikishwa kesho ofisini kwa Bwana DC, wafanye watakavyo na kazi yake ya ualimu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ipuli mliochota maji na kupika bila kuombwa, Bi Mwanahawa na watu wa Gongoni mliotembea kwa miguu kuja kumzika, na walimu mliochimba kaburi. Salamu za rambirambi zilizoletwa jana na jeshi hazitasomwa.

Pumzika, mama Apolinaria, barua ya kumi na tano imetiwa sahihi na mumeo.