Mzee Nyamazeni na Filamu Isiyofika Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na sufuria motoni apunguze moto, asije akanilaumu mimi bibi yenu wa redioni. Leo tunamkumbuka fundi wa majokofu. Amefariki, na juzi tumemzika. Mtaani aliitwa Mzee Nyamazeni, na jina hilo lilijulikana kuliko lile alilopewa na mama yake.

Kwa nini Nyamazeni? Ukiingia sebuleni kwake filamu ikiwa inaendelea, hata kama umekuja kumwambia paa linaungua, jibu lilikuwa hilo. "Nyamazeni!" Kwa wingi, hata ukiwa peke yako.

Mzee huyu alikusanya filamu. Filamu za zamani, za nchi za mbali, zile za kwenye diski. Hazikuwa na rangi, watu wa humo walikuwa weusi na weupe kama pundamilia, na walisema lugha ambazo hapa hatujui hata neno la kuombea maji. Diski zilijaa kabati la chumbani mpaka nguo za mkewe zikahamia sandukuni, chini ya kitanda.

"Wenzangu waliletewa mke mwenza mwenye miguu," mjane alinisimulia. "Wangu mviringo, ana tundu katikati, na hata kufua hajui."

Diski ilishikwa kwa ukingo, kama yai. Ilifutwa kwa pamba, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Aliyezungusha alifukuzwa. Na deki zilikuwa mbili, kwa sababu diski ya bara moja hukataliwa na deki ya bara jingine.

"Hata mashine zinaulizana pasipoti," mkewe alisema. Naye akajibiwa anyamaze.

Sasa nawaambia chanzo, na mkishike, maana ndicho kilichommaliza.

Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, alitazama filamu moja ukumbini, juu ya shuka jeupe. Ilikuwa ya mwanamke anayelinda kizuizi pale barabara inapokatiza reli. Kila siku mwanamume mwenye baiskeli hupita, wanasalimiana, basi. Siku ya mwisho treni inakuja. Mwanamume yuko upande wa pili, anapunga mkono, anataka avuke. Mwanamke ameshika mpini wa kizuizi. Atafungua? Hatafungua?

Umeme ukakatika.

Watu walipiga miluzi, wakasubiri, wakachoka, wakaenda zao. Kesho yake mwenye filamu alikuwa ameshahama mji. Na kijana yule akazeeka hajui kama kizuizi kilifunguliwa. Hizo filamu nyingine zote, wapendwa, alizikusanya akiitafuta hiyo moja. Ni kama mtu anayetafuta mbuzi wake mmoja akarudi na zizi zima la mbuzi wa watu.

Akaipata. Shemeji yake baharia aliikuta dukani katika bandari ya mbali, akamletea, mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. Mzee alilia. Alilipigapiga kasha kama mgongo wa mtoto.

Halafu hakuifungua.

"Fungua basi tuitazame, tupumue," mkewe alimwambia.

"Bibie, kitu kama hiki hakiliwi kwa pupa. Nitaifungua siku nikistaafu. Nioge, nivae, nikae."

Mkewe akaona ni maneno ya mtu mwenye akili. Mimi pia ningeona hivyo. Ikawekwa juu kabisa kabatini.

Akastaafu. Lakini kufikia hapo macho yalikuwa yameanza kufifia. Presha ya macho, daktari alisema, na amechelewa kuja. Upasuaji huenda ukasaidia. Mzee akasema basi, ataitazama baada ya upasuaji, kwa macho mazuri. Hakutaka kuipokea kwa macho mabovu, kana kwamba ni mkwe.

Upasuaji haukusaidia. Jicho moja likazima, la pili likabaki kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu.

Hapo ndipo kazi ya kusoma maandishi ya chini ya picha ilipomwangukia mkewe. Naye, kama miye, shule yake ni ya msingi tu, na maandishi yale ni ya lugha ya kigeni. Neno analijua moja, mawili yanampita, mara yamefutika. Akawa anajazia. Ndiyo maana katika filamu alizosoma yeye watu husalimiana sana.

"Kwani jambazi anasema nini?"

"Anamuuliza watoto hawajambo."

"Bibie. Si amemwekea bastola kifuani?"

"Ndiyo. Lakini ana adabu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Binti yao, muuguzi, anasema huo ndio ulikuwa mwaka wao wa kucheka kuliko yote. Nawaambia hilo mapema, kwa sababu baada ya hapo kicheko hakipo.

Siku moja, baada ya chai ya asubuhi, mzee akasema, "Ilete ile."

Alioga. Akavaa shati la kutokea. Mkewe akapanda kiti, akaishusha, akaipasua nailoni kwa meno. Alipoitoa diski aliona ukingoni rangi ya kahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Akaifuta kwa pamba, kutoka katikati kwenda nje. Rangi haikutoka. Ilikuwa ndani. Akaiweka kwenye deki.

Filamu ikaanza. Muziki ule ule! Mzee akamshika mkono. Mwanamke akatokea, mkewe akamweleza kofia yake, kibanda chake, mwanamume na baiskeli yake. Safari hii hakujazia. Neno asilolijua aliliacha. Treni ikasikika kwa mbali. Mwanamume akapunga mkono. Mwanamke akashika mpini.

Picha ikaganda. Ikavunjikavunjika vipande vya mraba. Deki ikaanza kukwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza.

Fundi mmoja wa deki alimweleza binti baadaye, na mimi nawaeleza kama alivyoelezwa. Diski husomwa kutoka katikati kwenda nje. Mwanzo wa filamu uko ndani, mwisho uko ukingoni. Na ule ugonjwa wa kahawia hutokea kwenye gundi inayobandika tabaka za diski, huanzia ukingoni kuja ndani. Kwa hiyo kinacholiwa kwanza ni mwisho. Nailoni haikuilinda hata kidogo. Diski iliozea humo humo kabatini, huku mzee akisubiri siku nzuri.

Mkewe, masikini, akajaribu. "Amefungua," akasema. "Amefungua, mwanamume amevuka, treni haijafika. Wanakumbatiana. Anamuuliza..."

"Watoto hawajambo?" mzee akasema.

Akauachia mkono wa mkewe.

"Nasikia deki inavyokwaruza, bibie. Zima."

Binti alitafuta kwenye mtandao, akakuta picha ya jalada tu. Akaandikia wauzaji wa mbali mpaka akampata mmoja aliyekuwa nayo. Ikaja. Kiwanda kimoja, gundi moja, ugonjwa mmoja. Hiyo ilikwama mapema zaidi, hata kabla ya treni. Mzee alisikiliza mkwaruzo, akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani.

Tangu siku hiyo hakuomba filamu tena. Mkewe alimtania, "Mzee, nikuwekee ya yule jambazi mwenye adabu?" Akajibu, "Acha tu." Wageni wakiongea sebuleni hakuwanyamazisha. Hapo, mjane anasema, ndipo alipojua kwamba mume wake hayupo tena. Mwili ulifuata baada ya miezi, mchana, akiwa amekaa kitini uso ukiwa umeelekea dirishani. Mkewe alidhani anasinzia. Akamfunika khanga.

Kabati limefunguliwa. Binti alimwita mwuza vitu vikuukuu, naye akazipekua diski, akatikisa kichwa. "Dada, hizi nani atanunua? Labda wenye mashamba. Wanazitundika, zinametameta, ndege wanaogopa." Mjane akasema achukue. Nyingi alizozikagua mwuzaji huyo zilikuwa tayari na kahawia ukingoni. Nguo za mjane zimerudi kabatini. Anasema hazilijazi.

Msibani alikuja jirani mmoja, mtu mwema, akamkumbatia akamwambia, "Usilie dada yangu. Huko aliko ameshauona mwisho wa filamu yake."

Mjane akamtazama. "Nani amekuambia?"

Jirani akavuta kiti. Akaomba maji ya kunywa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa binti, kwa shemeji baharia na mafundi wote wa majokofu waliofanya naye kazi, kituo hiki kinasema poleni. Msiba ni wenu, sisi wengine tunawashikia tu mlango.

Na wewe unayesikiliza, najua unangoja bibi akupe neno. Ungependa niseme, kile ulichokiweka kwa ajili ya siku nzuri, kifungue leo. Ningesema. Lakini nimekwisha kuishi, mwanangu, na nakujua. Utasema ndiyo bibi, halafu utakirudisha juu ya kabati. Na wachache mtakaokwenda kufungua sasa hivi, wengine mtakuta ukingo umeshaanza kuliwa. Fungueni tu. Tazameni mpaka hapo itakapokwama. Mimi nilimuuliza mjane, kama angejua mapema kwamba mwisho unaoza, angefanya nini. Akafikiri, akasema, "Ningejifunza kusema uongo vizuri zaidi."