Hester Thackray na Neno Lake la Mwisho

Bi Hester Thackray anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kutunga kamusi katika ofisi yetu ya Leeds. Alituomba tusimlilie. Tumeshindwa.

Alianza na herufi B, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Alipenda maneno madogo, yale ambayo kila mtu hudhani anayajua. Chai ikishamiminwa, ungemsikia: "Haya wanangu, nani ananipa asili ya hili?" Tulipobahatisha, alitucheka bila huruma.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa neno "sad", ambalo sisi Waingereza hulitumia kwa huzuni. Zamani lilimaanisha kushiba, na ndugu yake wa Kijerumani bado yuko huko huko kwenye shibe. Aliyeshiba akawa mzito, mzito akawa mtulivu, mtulivu akaishia kwenye majonzi. Na huku kwetu kaskazini, mkate uliogoma kuumuka bado huitwa hivyo hivyo.

Maana hiyo ya mkate Hester alikuwa nayo nyumbani. Mumewe, Wilf, alikuwa mwokaji, na kila alipotuletea mikate yake bapa ya zabibu kavu alitangaza tangu mlangoni: "Una huzuni huu, jamani, ila tumbo halina habari!" Wilf alifariki Februari, neno likiwa bado mezani.

Hester akaichukua kauli hiyo, akaiweka iwe mfano wa maana ya mkate. Alitaka kitu cha Wilf kibaki duniani. Sasa, kwetu mfano lazima uwe umechapishwa mahali. Ya mdomoni hayaingii, hata yawe ya mama mzazi. Kanuni hiyo yeye ndiye aliyetufundisha, tena kwa ukali. Kauli ya Wilf tuliiona sote, tukaiacha ilipo. Hata mkuu wetu, Bwana Pickersgill, alikuwa tayari kufumba macho.

Wiki iliyopita Hester aliifuta mwenyewe. "Ningemkatalia yeyote kati yenu," alisema. "Wilf naye asidekezwe." Kisha akalia, nasi tukakaa naye mpaka chai ikapoa. Mahali pake pana mfano kutoka kitabu cha mapishi, sahihi kabisa, usiomhusu mtu yeyote.

Ahsante kwa yote, Bi Hester. Nenda ukapumzike, ule vizuri, na machozi yakija yaache yaje. Kamusi itatoka bila Wilf. Lakini maneno yake tunayajua kwa moyo, kila mmoja wetu hapa ofisini. Siku ukitaka kuyasikia, piga simu.